Miiba Kumi na Tisa

Jina lake Zuri. Kwa Kibaski cha bibi yangu,
aliyeletwa Idaho na mume mchunga kondoo wa watu,
zuri maana yake ni nyeupe. Naye mbwa ni mweusi tititi,
mweusi kama tako la sufuria.
Mjomba Kepa ndiye aliyempa jina, akacheka peke yake,
kisha akafa Februari, akatuachia utani,
mbwa, na pikapu isiyofunga mlango wa kushoto.

Nilisema nakwenda milimani kwa ajili ya mbwa.
Kazini wote wakaitikia kwa kichwa.
Siku mbili tu, nikasema, abadilishe hewa.

Nilipakia Ijumaa: godoro la sponji, turubai,
madumu mawili ya maji, soseji nyekundu za pilipili,
jiko la gesi linalokohoa kabla ya kuwaka,
chakula cha Zuri ndani ya mkebe wa biskuti.
Nilisahau mto. Nilisahau kiberiti.
Koleo sikulisahau kwa kuwa halishuki garini,
liko chini ya kiti na kutu yake, na alama za meno
ambazo Kepa hakuwahi kutueleza.

Lami ikaisha karibu na daraja la mbao.
Changarawe ikaanza kulipiga gari tumboni
na Zuri akatoa kichwa dirishani, masikio bendera,
akausoma upepo kama mtu asomaye barua iliyochelewa:
hapa kulungu kapita,
hapa theluji imekufa juzi,
hapa mtu kakaanga kitunguu.

Kitunguu kilikuwa cha Eleuterio Huamán,
mchungaji kutoka Peru, nyumba yake kibanda cha mabati
juu ya magurudumu, kondoo wake elfu moja na mia mbili,
ambao si wake. Akanipa kiberiti. Akasema kwa Kihispania,
"Usiku mfunge mbwa. Kuna nungunungu hapa
anatafuna mpini wa shoka langu,
anafuata chumvi ya viganja."
Nikasema ndiyo, ndiyo.

Ningemfungaje? Baridi ilikuja kama mdai.
Maji yaliganda sufuriani. Tulilala nyuma ya pikapu,
mgongo wake tumboni kwangu, pumzi yake soseji tupu,
na nyota zilikuwa nyingi kupita kiasi,
nyingi hadi nikaona haya kuzitazama peke yangu.
Nililia kidogo. Si sana. Mbwa alipiga chafya.

Saa tisa usiku nikapapasa, nikagusa blanketi.
Kisha mlio.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia,
na gharama ikalipwa na pua ya mwingine:
pua, fizi, ukingo wa ulimi.
Nungunungu huyo anaondoka, hana haraka,
kama karani aliyefunga dirisha foleni ikiwa ndefu.

Eleuterio alikuja bila kuitwa, suruali ya kulalia na kofia,
taa kwenye paji la uso. Hakusema nilikuambia.
Akapiga magoti, akakibana kichwa cha Zuri
katikati ya mapaja yake, nami nikashika koleo.
Kila mwiba ulitoka na kisauti
kama kifungo kinachokatika shati.
Yeye alihesabu kwa Kikechua, mimi kwa Kibaski,
tukakutana kwenye kumi na tisa.
Zuri alilitafuna koleo mara moja tu.
Nikaziona alama mpya kando ya zile za zamani.

Alfajiri tukashuka kabla ya siku zetu
kumtafuta daktari wa mifugo. Midomo imevimba,
mwenyewe kama bondia aliyeshindwa kwa pointi.
Penye daraja akaitoa pua nje tena, taratibu.

Kiberiti cha Huamán kimo mfukoni mwangu.
Nimezihesabu njiti: saba.
Na kule usiku huingia mapema, na ana kitunguu cha kukaanga.
Ijumaa ijayo nitaomba ruhusa kazini.
Nitasema ni kwa ajili ya mbwa.